Kalamu, Kanda na Kompyuta Mpakato: Je, Mwanafunzi wa Kozi ya Likizo Ahitaji Nini?

Utangulizi

Kila mwaka likizo ndefu inapokaribia, idara za Kiswahili katika vyuo vya nchi zetu huandaa kozi fupi. Wako walimu walio kazini wanaokuja kujiongezea ujuzi shule zinapofungwa. Wako wageni wanaokuja kujifunza lugha kwa wiki sita au nane. Wako pia vijana waliomaliza sekondari wanaotaka kuingia chuoni wakiwa na msingi. Wote hao, kabla hawajafika, huletewa orodha ya mahitaji: madaftari, kamusi, shuka, chandarua na ada. Siku hizi kompyuta mpakato nayo huonekana katika orodha hiyo, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Mzazi auliza kama mwanawe anaweza kuja bila chombo hicho. Mwalimu kutoka shule ya kijijini auliza kama simu yake itatosha. Wengine hawaulizi lolote. Huisoma orodha, wakaikunja, wakabaki nyumbani.

Hao wa mwisho ndio waliotusukuma kuandika makala haya. Kwa familia yenye uwezo, kompyuta ni ununuzi mmoja miongoni mwa mingi. Kwa familia nyingine ni ng'ombe aliyeuzwa, au karo ya wadogo wawili iliyoahirishwa. Mstari mmoja katika orodha waweza kumwondoa mwanafunzi kabla mwalimu hajamwona uso. Kwa hiyo anayeuandika mstari huo hana budi kujua kwa nini anauandika. Tumeona vyema tulitazame jambo hili kwa jicho la historia, kwani swali la chombo gani mwanafunzi wa kozi fupi aje nacho ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe.

Kwanza tuseme kidogo juu ya neno. Kupakata ni kumweka mtoto au kitu mapajani. Kutokana na kitenzi hicho wenzetu wa Tanzania walipata kompyuta mpakato, na Kenya likaenea neno kipakatalishi, lililoundwa kwa mfano wa tarakilishi. Hapa Uganda twayasikia yote mawili darasani, ingawa sokoni watu husema laptopu. Katika makala haya tutatumia kompyuta mpakato.

Kiangazi chao, likizo yetu

Desturi ya kuandaa masomo mafupi wakati vyuo vimefungwa ilikua sana Marekani, ambako miezi ya Juni hadi Agosti ni kiangazi. Ndiyo maana huko huitwa masomo ya kiangazi. Mgeni anayefika Mombasa au Unguja katika miezi hiyo kwa "masomo ya kiangazi" hukuta wenyeji wako katika kipupwe, nao humshangaa anavyolalamikia joto. Majira yatofautiana, lakini mpango ni ule ule: muda mfupi, somo moja, na watu waliotoka mbali kulifuata.

Chuo Kikuu cha Harvard kinahesabu mwaka 1871 kuwa mwanzo wa masomo yake ya kiangazi. Miaka miwili baadaye, mwezi Julai 1873, Louis Agassiz, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyezaliwa Uswisi, alifungua shule katika kisiwa kidogo cha Penikese kwenye pwani ya Massachusetts. Kisiwa hicho kilitolewa na mfanyabiashara wa New York aitwaye John Anderson, pamoja na dola 50,000 za kuanzia. Waliofika walikuwa walimu, wanaume kwa wanawake. Mmoja wao, David Starr Jordan, alikuja kuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1891. Agassiz alifariki Desemba ya mwaka ule ule wa 1873, na shule haikudumu baada ya msimu wa 1874. Hata hivyo, ilikuwa mfano kwa shule nyingine za pwani zilizofuata.

Jambo la kutufaa hapa ni namna Agassiz alivyofikiri juu ya vyombo. Aliwataka wanafunzi waanze na kiumbe chenyewe, vitabu vifuate. Samuel Scudder, aliyekuwa mwanafunzi wake Harvard kabla ya shule ya Penikese, aliandika mwaka 1874 jinsi alivyopewa samaki aliyehifadhiwa katika spiriti na kuambiwa amtazame. Kioo cha kukuzia kilikatazwa, na vyombo vingine vyote vilikatazwa. Baada ya saa kadhaa za kuchoka, alichukua penseli akaanza kumchora yule samaki. Katika kuchora akaanza kuona yale ambayo macho matupu yalikuwa yameyapita. Mwalimu aliporudi akaikubali penseli. Kwa siku tatu kijana alibaki na samaki huyo huyo.

Tusidhani kwamba Agassiz alichukia vyombo. Chuo chake kilikuwa na hadubini, na mtaalamu wa viumbe hawezi kwenda mbali bila hiyo. Alichofanya ni kupanga. Lengo la siku zile lilikuwa kufundisha jicho kuona, na kioo cha kukuzia kingelifanyia jicho kazi yake. Penseli iliruhusiwa kwa sababu ilimlazimisha mwanafunzi atazame zaidi. Huyo ni mwalimu aliyejua kozi yake inafundisha nini, na kwa hiyo aliweza kusema chombo kipi kije na kipi kibaki nje.

Ahadi ya lugha

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi walimu wa lugha. Mwaka 1915 Lilian Stroebe, mwalimu wa Kijerumani, alianzisha shule ya kiangazi ya Kijerumani katika chuo cha Middlebury, jimbo la Vermont. Shule ya Kifaransa ilifuata mwaka 1916 na ya Kihispania mwaka 1917. Wazo lilikuwa mwanafunzi aishi ndani ya lugha anayojifunza: darasani, mezani, michezoni na bwenini. Wazo hilo hatimaye likawa ahadi maarufu ya Middlebury, ambayo mwanafunzi huitia sahihi kwamba kwa muda wote wa kozi hatasema lugha nyingine.

Katika kozi ya namna hiyo, hitaji la kwanza ni watu wa kuzungumza nao. Daftari lafaa, kamusi yafaa, lakini vyote viwili ni wasaidizi. Tukiipeleka kompyuta mpakato yenye intaneti katika bweni la wanafunzi wanaojifunza Kiswahili kwa wiki sita, tunapeleka pia habari za nyumbani, filamu za nyumbani na marafiki wa nyumbani, yote kwa lugha ya nyumbani. Mwanafunzi aliyepanda ndege kuja Kampala, Kigali au Bukavu aweza kukaa jioni nzima ndani ya Kiingereza. Hatusemi kwamba atafanya hivyo kila mmoja. Tunasema kwamba katika kozi iliyojengwa juu ya mazungumzo, chombo hiki chaweza kula muda ule ule ulionunuliwa kwa gharama kubwa.

Zama za maabara ya lugha

Wako watakaosema kwamba mifano hiyo ni ya kale, na kwamba teknolojia imebadilisha kila kitu. Maneno hayo hayo yalisemwa katika miaka ya 1950. Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik angani, na Marekani ikashtuka ikajiona imeachwa nyuma katika elimu. Septemba 1958 rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sheria hiyo ilitoa fedha nyingi kwa sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Chini yake zilianzishwa kozi za kiangazi za walimu wa lugha kuanzia 1959, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za Afrika zilizopata nguvu katika vyuo vya huko kutokana na fedha hizo. Wasomi kadhaa wa Marekani walioandika juu ya lugha yetu walipitia mlango huo.

Chombo kilichosifiwa zaidi wakati ule kilikuwa maabara ya lugha: vibanda vidogo, vinasa sauti, kanda, na visikizio kichwani. Shule nyingi zilinunua vifaa hivyo kwa sababu fedha zilikuwapo na kwa sababu jirani amenunua. Mwaka 1963 ilitoka ripoti ya Raymond Keating kuhusu wanafunzi wa Kifaransa katika shule za eneo la New York. Ilionyesha kwamba kwa jumla waliotumia maabara hawakuwa wamewapita wale wasioitumia, na katika baadhi ya vipimo walikuwa nyuma yao. Wapenzi wa maabara walimpinga vikali, wakikosoa vipimo vyake. Uchunguzi mwingine mkubwa ulifanyika Pennsylvania katika miaka ile ile ya 1960 chini ya Philip Smith. Nao haukuona kwamba kwenda maabara mara mbili kwa wiki kulileta tofauti ya maana.

Je, kanda zilikuwa bure? La. Mwalimu asiye na mzungumzaji wa lugha karibu naye alipata sauti ya kweli ya kuwasikilizisha wanafunzi, na hilo ni jambo kubwa. Katika nchi zetu wako walimu waliojifunza matamshi kwa redio na kanda, nao wanafundisha vizuri. Kosa lilikuwa kununua chombo kwanza kisha kutafuta kazi ya kukipa. Maabara iliyotumiwa kurudiarudia sentensi ambazo mwalimu angeweza kuzisema mwenyewe haikumwongezea mwanafunzi kitu.

Kuhitaji si kumiliki

Katika mwaka 1964 likatokea jambo jingine, safari hii katika chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire. Wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitaka kila mwanafunzi aweze kutumia kompyuta, hata yule asiyesoma sayansi. Walibuni lugha nyepesi ya programu iitwayo BASIC, na mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwenye mashine yake ya kupigia herufi iliyounganishwa na ile kubwa.

Kompyuta ya wakati ule ilijaza chumba na bei yake haikuwa ya mtu binafsi. Hakuna aliyeweza kumwambia mwanafunzi aje nayo. Hata hivyo Kemeny na Kurtz hawakusema kwamba basi wanafunzi wasitumie kompyuta. Walitenganisha mambo mawili ambayo leo twayachanganya: kuhitaji chombo na kumiliki chombo. Mwanafunzi alihitaji kompyuta kwa saa moja au mbili. Chuo kikahakikisha kwamba saa hizo zipo.

Tofauti hiyo ilianza kusahaulika kompyuta zilipopungua ukubwa. Alan Kay, akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, aliandika mwaka 1972 juu ya kompyuta bapa, ya kubebwa kama kitabu, ambayo hata mtoto angeitumia. Wakati ule haikuwezekana kuitengeneza. Mwaka 1981 ikauzwa Osborne 1, iliyosifiwa kuwa ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, zaidi ya ndoo ya maji ya lita 10. Bei yake ilikuwa dola 1,795, na haikuwa na betri yake. Mwaka 1983 ilitoka TRS-80 Model 100, nyepesi, yenye mistari minane tu kwenye kioo, ikitumia betri nne ndogo za kawaida kwa saa nyingi. Waandishi wa habari waliipenda sana, kwani ilifanya kazi waliyokuwa nayo: kuandika maneno mahali pasipo na umeme.

Kutoka hapo shule zikaanza kuifanya kompyuta mpakato kuwa sharti. Methodist Ladies' College ya Melbourne, Australia, ilianza mwaka 1990. Kampasi ya Crookston ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilianza mwaka 1993 kumpa kila mwanafunzi wa kutwa nzima kompyuta yake. Mwaka 2002 jimbo la Maine lilianza kuwapa wanafunzi wa darasa la saba wa shule za umma. Msomaji aangalie vizuri: Crookston na Maine, aliyetaka kila mwanafunzi awe na chombo ndiye aliyekitoa. Hawakuandika mstari katika orodha wakauacha mzigo mlangoni kwa mzazi.

Hali ya kwetu

Tukirudi Afrika Mashariki, historia yetu ya chombo hiki ni fupi lakini ina mafunzo. Januari 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto. Bei ilipotimia ilikaribia dola 200. Rwanda ilijiunga na mpango huo, na katika miaka iliyofuata 2008 iligawa kompyuta zaidi ya 200,000 mashuleni. Kenya ilisikia ahadi ya kompyuta za darasa la kwanza katika uchaguzi wa 2013. Baada ya mivutano ya zabuni, mradi ulianza mwaka 2016 ukiwa na vishikwambi vinavyotunzwa shuleni.

Nchi iliyopokea kompyuta nyingi zaidi za mpango ule ni Peru. Huko watafiti walilinganisha shule 319 za vijijini, zilizopata na zisizopata. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 hayakuonyesha maendeleo katika hisabati wala lugha, ingawa kulikuwa na faida kiasi katika vipimo vya jumla vya akili. Hapo twasikia mwangwi wa zile ripoti za maabara ya lugha. Chombo kilifika, somo likabaki lilivyokuwa.

Aidha, chombo hiki hakiji peke yake. Sisi wa Uganda hatujasahau miaka ya 2005 na 2006, maji ya Ziwa Nalubaale yalipopungua, umeme ukagawanywa kwa zamu na miji ikajaa ngurumo za jenereta. Mwenye kompyuta aliikuta imezimika, na mwenye daftari aliendelea kuandika kwa mshumaa. Intaneti nayo ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya polepole, hadi nyaya za baharini zilipofika pwani yetu kuanzia 2009. Hali imekuwa nzuri zaidi tangu hapo, lakini katika vijiji vingi wanakotoka wanafunzi wetu, kuchaji bado ni safari ya kwenda senta na malipo kwa mwenye sola.

Kwa upande wa pili, tungekuwa wachoyo kama tungeficha faida ambazo Kiswahili kimezipata kutokana na kompyuta. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, na kwa muda mrefu nakala moja ilizungushwa na wanafunzi wengi. Katika miaka ya 1990 kulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale kamusi ya Kiswahili ya kwenye intaneti, iliyofunguliwa na watu wa pande zote za dunia. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen na wenzake walikusanya matini ya Kiswahili ya mamilioni ya maneno, hata mtafiti akaweza kuona neno linavyotumiwa kweli magazetini na vitabuni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ambayo maelekezo yake yote yalikuwa ya Kiswahili. Wakati huo ilikuwa fahari kubwa kuona neno "Hifadhi" juu ya kioo.

Halafu ikaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni, magazeti na intaneti. Katika miezi ile aliyekuwa na chombo aliendelea, na asiyekuwa nacho alikaa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kompyuta ni pambo. Kuna nyakati ambapo ndiyo mlango wa pekee wa darasa.

Kuandika kwa mkono

Hoja moja zaidi husemwa mara nyingi: kwamba mwanafunzi ahitaji kompyuta angalau kwa kuandika maelezo ya mihadhara. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliosomwa sana. Waligundua kwamba wanaopiga chapa huelekea kuyanakili maneno ya mwalimu yalivyo, na katika maswali ya kuelewa walizidiwa na walioandika kwa mkono. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia kazi hiyo na tofauti haikuwa wazi kama mwanzoni. Basi tusiitumie hoja hiyo kuipiga marufuku kompyuta. Lakini tukubaliane kwamba kwa kazi ya kuandika maelezo, daftari halijashindwa, na anayekuja na daftari hana sababu ya kujiona mnyonge.

Basi tuamue vipi?

Kutokana na historia hii, tunapendekeza maswali matatu kwa kila idara inayoandaa kozi ya likizo, na kwa kila mzazi au mwanafunzi anayeisoma orodha.

La kwanza: ni kazi gani ya kozi hii isiyoweza kufanyika bila kompyuta? Jibu litajwe kwa jina, kwa mfano kutafuta maneno katika hazina ya matini, kuhariri tafsiri, kutengeneza kurasa za kitabu. Jibu la "siku hizi kila mtu anayo" si jibu, na ndilo lililojaza shule za Marekani vibanda vya maabara.

La pili: kazi hiyo ni ya saa ngapi kwa wiki, na je, chumba cha kompyuta cha chuo kinaweza kuibeba? Kama ni saa nne, Dartmouth walitufundisha la kufanya. Wanafunzi wawili kwa mashine moja hujadiliana, na katika somo la lugha majadiliano hayo ni sehemu ya somo.

La tatu: chombo hiki kitachukua nafasi ya nini? Kama kitachukua nafasi ya kunakili kwa mkono kurasa mia, na kije. Kama kitachukua nafasi ya mazungumzo ya jioni na mama mwenye nyumba, kibaki.

Tukiyatumia maswali hayo kwa kozi ambazo idara kama zetu huzitoa, tunapata majibu yanayotofautiana. Kozi ya mazungumzo kwa wanaoanza haihitaji kompyuta mpakato kabisa. Ihitaji daftari, kamusi, na wenyeji wenye subira. Kozi ya walimu walio kazini yahitaji kompyuta kwa sehemu, hasa wanapoandaa maazimio ya kazi na mitihani, na sehemu hiyo yaweza kufanyika katika chumba cha chuo. Simu ya kisasa yatosha kupokea na kusoma matini, lakini hatupendi kumwona mtu mzima akiandika insha ya kurasa kumi kwa kidole gumba. Kozi ya tafsiri na uhariri yahitaji kompyuta kila siku, na hapa mwanafunzi aelezwe wazi mapema, siyo juma moja kabla. Kozi inayofundishwa kwa mbali yahitaji chombo kwa kila mtu, na anayeiandaa ajue kwamba amechagua wanafunzi wake kwa kipimo cha umeme na mtandao pia.

Kuhusu orodha yenyewe, pendekezo letu ni dogo na halina gharama. Igawanywe sehemu mbili: vya lazima na vya kusaidia. Kila kilicho upande wa lazima kiandikiwe sababu yake kwa sentensi moja. Ikiwa kompyuta imeingia upande huo, sentensi ya pili iseme asiye nayo ataipata wapi: kuazima idarani, kutumia chumba cha chuo kwa saa zilizopangwa, au kushirikiana na mwenziwe. Idara isiyoweza kuandika sentensi hiyo ya pili haijawa tayari kuandika ile ya kwanza.

Kwa mwanafunzi na mzazi twasema: ulizeni. Si aibu kumpigia mratibu wa kozi na kumwomba aeleze kompyuta itafanya kazi gani. Mkipata jibu la wazi, mtajua kama ni busara kununua, kuazima kwa ndugu au kuja na daftari. Msimuuze ng'ombe kwa sababu ya mstari ambao haujaelezwa.

Hitimisho

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima mashuleni. Rwanda ilikwisha kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Maamuzi hayo yanahitaji walimu wengi, na wengi wao watapatikana kwa kozi za likizo, kwani hawawezi kuacha kazi kwa miaka mitatu. Walio mbali na miji ndio tunaowahitaji zaidi, maana ndiko shule zisizo na mwalimu wa Kiswahili ziliko nyingi. Ikiwa orodha zetu zitawaacha nje kwa ajili ya chombo ambacho kozi haikitumii, tutakuwa tumewafungia wale wale tuliokusudia kuwafungulia.

Tunawakaribisha wenzetu wa idara nyingine watuandikie jinsi wanavyoziandaa orodha zao, na hasa jinsi walivyowapokea waliofika mikono mitupu. Maoni yao tutayachapisha katika toleo lijalo.